Mwiba wa mfupa juu ya kiwiko: je, nikubali kupasuliwa kifundo cha mkono?

Kwako Daktari,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Mimi ni mama lishe mwenye umri wa miaka 43, naishi Tanga, na huu ni mwaka wa 16 nikiuza wali wa nazi, maharage na samaki wa kupaka. Kila alfajiri nakuna nazi 20 hadi 25 na kulikamua tui mwenyewe kwa kifumbu, kwa sababu wateja wangu wanalitambua tui la mashine hata kabla ya kulimeza, na hawalitaki. Nayaeleza haya mapema kwa kuwa naamini maradhi yangu yameanzia hapo.

Ni mwaka mmoja na nusu sasa mkono wangu wa kulia unakufa ganzi. Vidole vinavyonisumbua ni gumba, cha shahada na cha kati; cha pete ni upande mmoja tu, na kidole cha mwisho ni kizima kabisa. Ganzi huja ninapokamua, hasa pale ninapokisokota kifumbu ili kumalizia tui zito, nayo hufuatana na maumivu mazito ya kuvuta upande wa ndani wa kigasha, kuanzia chini kidogo ya kiwiko. Nikiupumzisha mkono saa moja au mbili, maumivu hupungua. Usiku nalala vizuri. Kuna siku niliushika mfuniko wa sufuria uliokuwa umepaliwa makaa, na sikujua kuwa naungua mpaka binti yangu alipopiga kelele. Lengelenge lilinitoka kwenye kiganja, pale pa nyama chini ya gumba.

Nilikwenda hospitali, daktari akaniuliza ni vidole gani, nikamwonyesha, naye akasema neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Nilipewa gango la kuvaa usiku kwa wiki sita pamoja na vidonge, lakini sikupata nafuu yoyote, na sasa nimepangiwa upasuaji wa kifundo. Nikiwa nasubiri tarehe, niliteleza kwenye ngazi zenye maji, kiwiko kikavimba, nikapigwa eksirei katika kituo kingine. Mfupa haukuvunjika, ila kwenye picha palionekana kitu kama mwiba, kimechomoza katika mfupa wa mkono wa juu, sehemu iliyo juu ya kiwiko. Daktari wa pale alisema nimezaliwa nacho, hakina madhara, nisikifikirie. Yule wa kwanza nilipomweleza alisema hakihusiani na ganzi. Wifi yangu anasema ni kansa, na jirani anasema ni kitu nilichorushiwa.

Naomba unisaidie, Daktari. Mwiba huu ni nini? Je, unaweza kuwa ndio chanzo cha ganzi yangu? Nikubali kupasuliwa kifundo? Na watoto wangu watatu, je, wanaweza kuwa nao?

Mama lishe, Tanga

*

Marahaba, na pole sana kwa mkono na kwa hofu.

Nianze na neno la wifi yako, ili lisikuzuie kuyasoma yanayofuata. Kutokana na maelezo yako, mwiba huo unafanana sana na chomozo la mfupa ambalo takribani mtu mmoja kati ya 100 huzaliwa nalo. Hukaa upande wa mbele na wa ndani wa mfupa wa mkono wa juu, kiasi cha sentimita 5 juu ya kile kinundu cha ndani cha kiwiko, yaani upana wa vidole vitatu hivi, na umbo lake ni kama ndoana fupi ambayo ncha yake inaelekea chini, kwenye kiwiko. Upo pia uvimbe wa mfupa uitwao osteokondroma unaoweza kuchanganywa nalo, ambao nao kwa kawaida si kansa, lakini huo mara nyingi huelekeza ncha yake mbali na kiungo. Kwa hiyo unapokwenda hospitali beba filamu yenyewe, wala usitosheke na karatasi ya maelezo, na umwombe mtaalamu wa picha akuambie ncha inaelekea wapi. Kama inaelekea kiwiko, na mpaka wake ni laini usio na dalili ya mfupa kuliwa, basi neno kansa liondoke nyumbani kwako, na la jirani lifuatane nalo.

Aliyelichunguza chomozo hili kwa bidii kuliko wote ni Mskoti John Struthers, mwalimu wa elimu ya maumbile ya mwili katika karne ya 19, ambaye baadaye alikuwa profesa kule Aberdeen. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba kutoka kwenye ncha ya chomozo mara nyingi hutandikwa ukano mgumu unaoshuka hadi kwenye kinundu cha ndani cha kiwiko, na kwamba mfupa na ukano huo kwa pamoja hufanya kijilango. Ndani ya kijilango hicho hupita neva ya kati, ile inayohudumia vidole vyako vinavyokufa ganzi, na mara nyingi pia mshipa mkubwa wa damu wa mkono. Kama unafuga paka wa kufukuza panya jikoni, basi ujue kwamba yeye ana kijilango hicho kikiwa kimekamilika, tundu la mfupa mtupu, na neva yake hupita humo maisha yake yote bila kumwuma. Kwa binadamu ni mabaki tu, tena kwa wachache.

Struthers ndiye pia anayejibu swali lako la watoto. Alikuta chomozo hili kwa baba mmoja na kwa wanne kati ya watoto wake saba, kwa hiyo ndiyo, linaweza kurithiwa. Hata hivyo sikushauri uwapeleke watoto wako eksirei. Wengi wenye chomozo hili huishi na kuzeeka bila kujua kuwa wanalo, na mtoto asiyelalamika hana cha kupimwa.

Hapo ndipo naona daktari wako wa pili alisema kweli, lakini aliishia njiani. Kauli kwamba chomozo hili halina madhara ni sahihi kwa mtu aliyepigwa picha kwa sababu ya kuanguka na asiye na tatizo jingine. Kwako wewe, uliyefika pale ukiwa tayari na neva inayolalamika katika mkono ule ule, kauli hiyo ilipaswa kusubiri maswali mawili matatu. Nakubali kwamba foleni ya wagonjwa wa dharura si mahali pazuri pa maswali.

Sasa tuitazame ganzi yako. Neva ya kati hutoka shingoni na kwapani, hushuka upande wa ndani wa mkono wa juu, hupita mbele ya kiwiko, huzama kati ya misuli ya kigasha, kisha huingia kiganjani kupitia mfereji mwembamba wa kifundo cha mkono. Ikibanwa popote katika safari hiyo, vidole vitakavyokufa ganzi ni vile vile: gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ndiyo maana kuuliza vidole peke yake hakutoshi. Daktari wako wa kwanza alitaja kifundo kwa sababu ndiko neva hii inakobanwa mara nyingi kuliko kwingine kote, na kuanza na la kawaida ni utaratibu mzuri. Ninachotilia shaka ni kwamba barua yako ina mambo matatu yasiyokubaliana na kifundo, na moja kati ya hayo lina uzito mkubwa.

Hilo moja ni lengelenge. Kabla neva ya kati haijaingia kwenye mfereji wa kifundo, ikiwa bado ndani ya kigasha, hutoa tawi dogo la ngozi, na tawi hilo haliingii mferejini bali hupita juu ya paa lake na kwenda kuhudumia ngozi ya kiganja upande wa gumba, pale pa nyama ulipoungua. Mtu ambaye neva yake imebanwa ndani ya mfereji hupoteza hisia za vidole, lakini sehemu hiyo ya kiganja kwa kawaida hubaki hai, kwa sababu tawi lake lilikwishaaga njiani. Wewe uliushika mfuniko wa moto kwa sehemu hiyo hiyo na hukuhisi. Hii inaonyesha kwamba huenda neva imebanwa juu zaidi, kabla ya mahali tawi hilo linapoachana na shina lake. Jambo la pili ni usingizi wako. Neva iliyobanwa kwenye kifundo ina tabia ya kumwamsha mtu saa nane za usiku akikung'uta mkono kando ya kitanda, ilhali wewe unalala. La tatu ni kifumbu chenyewe: kukaza ngumi na wakati huo huo kusokota ndiyo kazi inayoibana neva hii karibu na kiwiko, na maumivu yako yako pale pale, si kwenye kifundo.

Hata hivyo usikimbilie kuuhukumu mwiba. Niliyoyasema yanaonyesha kwamba tatizo huenda liko juu ya kifundo. Hayaonyeshi kwamba ni lazima liko kwenye chomozo la mfupa. Kati ya chomozo na kifundo pana vichochoro vingine. Mbele ya kiwiko upo utando mgumu unaotoka kwenye msuli wa mbele wa mkono wa juu. Chini yake upo msuli wa kugeuzia kiganja chini, ambao una vichwa viwili, na katika watu wengi neva hupita katikati ya vichwa hivyo. Kisha lipo tao la msuli unaokunja vidole. Kila mahali hapo maumbile hutofautiana. Kwa baadhi ya watu neva hupita nyuma ya vichwa vyote viwili, kwa wengine hutoboa kichwa kimoja, na kwa wengine msuli una ukingo mgumu kama uzi wa katani, unaokaza kila mkono unapogeuzwa. Upo pia msuli mdogo wa ziada wa kukunjia gumba, unaojulikana kwa jina la Gantzer, aliyeueleza mwaka 1813. Katika ripoti nyingi za uchunguzi wa maiti msuli huo umepatikana katika takribani nusu ya mikono, na ndiyo sababu sisi madaktari hatuwezi kuulaumu kila tunapouona: kitu kilichopo katika nusu ya watu hakiwezi kuwa ugonjwa kwa kuwapo kwake tu.

Huenda unajiuliza miili inawezaje kutofautiana kiasi hicho ilhali tunasoma mchoro mmoja. Weka mikono yako miwili juu ya meza, uitazame mishipa ya damu iliyotutumka nyuma ya viganja. Ramani ya kulia si ya kushoto, na zote mbili ni zako. Au unganisha ncha ya gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kikunje kifundo kuelekea kwako: kwa wengi uzi wa msuli hutokeza katikati ya kifundo, na kwa wengine hapatokezi kitu, kwa kuwa msuli huo hawakuzaliwa nao, wala nguvu zao hazijapungua. Mchoro wa kitabuni ni wa mtu wa wastani, na mtu huyo sijapata kumhudumia.

Nirudi kwenye mkono wako. Ninachokushauri ni kuahirisha upasuaji wa kifundo, sisemi uukatae. Rudi kwa daktari yule yule aliyekupangia, kwa heshima, ukiwa na filamu yako, umweleze habari ya lengelenge na ya usingizi kama ulivyonieleza, na umwombe aupime mkono mzima kuanzia shingoni. Shingo ina maana, kwa sababu neva inayobanwa katika uti wa shingo nayo inaweza kuleta ganzi katika gumba na vidole vinavyofuata. Sukari ya damu ipimwe pia, kwani kisukari huifanya neva iwe dhaifu mahali popote inapobanwa, na kwa umri wako ni busara kuijua hata pasipo ganzi.

Kipimo cha mikono yenyewe hakihitaji mashine wala hakichukui dakika nyingi. Daktari atabonyeza na kugongagonga kwa ncha ya kidole upande wa ndani wa mkono wa juu, pale penye chomozo, ambalo pengine hata wewe unaweza kulipapasa kama kichuguu kigumu chini ya ngozi. Ikiwa kugonga kunapeleka shoti hadi kwenye vidole, hiyo ni habari. Kisha atakutaka ugeuze kiganja chini huku yeye akikizuia na kukunyoosha kiwiko taratibu. Ganzi ikija hapo, msuli wenye vichwa viwili unashukiwa. Atakutaka pia ukunje kidole cha kati peke yake huku akikizuia, jambo linalolikaza lile tao la chini. Atashika mapigo ya damu kwenye kifundo ukiwa umenyoosha mkono na kukigeuza kiganja juu, kwa sababu kama mshipa wa damu nao unapita katika kijilango, mapigo yanaweza kufifia. Mwisho atakuomba ufanye duara kwa gumba na kidole cha shahada, kama mtu anayetaka kudona chumvi. Hili unaweza kulijaribu sasa hivi unaposoma: ikiwa vidole vinashindwa kukunjika kwenye viungo vya mwisho, na badala ya duara vinalala bapa kimoja juu ya kingine, basi tawi la ndani la neva linaloendesha misuli hiyo limedhoofika, na hapo usisubiri tarehe ya kliniki, nenda wiki hii.

Kuhusu picha, eksirei ya kiwiko iliyopigwa kwa mbele tu inaweza kulificha chomozo au kulionyesha kama kivuli, kwa hiyo iombwe ya pembeni na ya mshazari, ikionyesha theluthi ya chini ya mfupa wa mkono wa juu. Ultrasaundi ikifanywa na mtu aliyezoea neva huonyesha mahali neva ilipobanwa na ilipovimba, na MRI huonyesha ukano na misuli ya ziada. Kipimo cha umeme wa neva hakipatikani kila mkoa. Ukitumwa Dar es Salaam au Moshi kukifanya, nenda, ila usikate tamaa kikirudi na majibu ya kawaida. Neva inayobanwa karibu na kiwiko mara nyingi hupita mtihani huo bila kasoro, kwa kuwa hubanwa unapokamua na huachiwa unapolazwa kitandani kupimwa. Tena wapo watu, wala si nadra, ambao katika kigasha chao neva ya kati huazima nyuzi kwa neva jirani inayokwenda kidole cha mwisho, na asiyelijua hilo anaweza kuyasoma majibu yao kinyume.

Ikithibitika kwamba kubanwa ni kwa juu na nguvu za vidole bado zipo, hatua ya kwanza si kisu. Ni kuipumzisha kazi ya kusokota kwa miezi mitatu hivi, pamoja na mazoezi atakayokuelekeza mtaalamu wa viungo. Najua nimekuandikia jambo la gharama. Tui lako ndilo jina lako mjini. Lakini kukuna kunaweza kufanywa na mwingine, na machicha yaliyolowekwa katika maji ya uvuguvugu yanaweza kutiwa kwenye kitambaa safi na kukandamizwa kwa ubao na jiwe zito, mkono ukibaki wazi na kiganja kikitazama chini bila kusokota chochote. Tui hilo si la mashine. Wateja wako walionje kabla hujawaambia.

Ikiwa miezi hiyo itapita bila nafuu, au vidole vikizidi kudhoofika, upasuaji una maana, ila mahali pake ni pale neva inapobanwa. Kwa chomozo, daktari wa mifupa huukata ukano na kuliondoa chomozo pamoja na ngozi nyembamba ya mfupa inayolifunika, kwani ikiachwa linaweza kuota tena, kisha huifuata neva kushuka chini hadi kwenye tao la misuli, asije akafungua mlango mmoja na kuuacha wa pili umefungwa. Muulize mapema, kabla ya kutia sahihi, kama ataifuata hivyo. Na kama vipimo vitaonyesha kwamba kifundo nacho kinabana, jambo linalowezekana, kwa sababu neva moja inaweza kubanwa mahali pawili, basi daktari wako wa kwanza atakuwa na haki yake, nawe utapasuliwa ukijua sababu.

Kwa sasa, mifuniko ya sufuria ishike kwa mkono wa kushoto, na binti yako aendelee kukaa karibu.